Kwa Kinga, Kando ya Kimemi

Butembo, Jumapili tarehe 23 Aprili 2023

Josée mpenzi,

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi. Unanijua kwenye simu: nasema "eh", wewe unasema "allô, Séphora, uko?", nasema tena "eh", na unités za simu zinaisha. Kwenye karatasi mdomo wangu unafunguka. Tena Tantine Adèle anapeleka chou, kabichi zake, Beni kila wiki, basi barua itakaa juu ya magunia yake kama abiria.

Tangu baba yako ahamishwe, nimebaki peke yangu kwenye banc yetu ya darasani. Mwalimu wa Kifaransa alitaka kuniwekea Jokébed wa darasa letu, mais Jokébed anakula karanga wakati wa dictée, sote tukiandika. Nikaomba kubaki hivyo hivyo.

Sasa jambo lenyewe. Ulipokuwa hapa, kila tukivuka Kimemi ulikuwa unaziba pua, na mimi nilikuwa naona haya kama vile mto ni wa baba yangu. Jana Yaya Kambere, yule kaka yangu anayesafirisha mbao, aliniambia kwamba nje ya mji, ukipita eucalyptus za mwisho, chemchemi za milima zinaingia mtoni na maji yanakuwa mengine kabisa. Anasema kuna njia tambarare inayofuata ukingo mpaka kwa Mama Syauswa, dada mkubwa wa mama. Tambarare, Josée! Katika mji huu ambao hata kwenda choo ni kupanda mlima.

Njoo tuende kwa kinga. Vitabu vya maktaba ya parokia vinasema "baiskeli", lakini neno hilo linanifanya nione kitu chenye kengele na kikapu cha maua. Sisi tutaenda na kinga ya Yaya. Siku moja tu, kutoka asubuhi mpaka jioni. Jumamosi ya tarehe 6 utaweza?

Rafiki yako wa banc tupu,
Séphora Maliro


Beni, Alhamisi tarehe 27 Aprili 2023

Séphora chérie, mama ya barua,

Umefanya vizuri kuandika Swahili. Ukiniandikia Kifaransa ninafikiri ni préfet wa shule ananiita kwa bureau.

Beni iko muzuri. Kutoka hapa kwa ngazi ya mlango wetu ninaona yote. Jirani anaanika cacao juu ya bâche, turubai lake, na ikianza kuchacha harufu yake ni kama ya pombe, kuku wake wanatembea kama walevi. Asubuhi motards, wale wa pikipiki, wanapiga klaxon, mchana askari mmoja anapita na redio yake, Lingala tupu, na yeye anaimba kuliko redio. Ukuta wetu uko mfupi, donc hakuna kitu kinanipita.

Kinga! Unanijua mimi? Nilijifunza Kananga, kwetu Kasaï, kwa kinga ya Baba, nilikuwa ninaachilia mikono yote miwili na batu banapiga kelele. Wewe utaangukia mtoni, na mimi nitakupiga picha kwanza, kisha nikutoe.

Mais tarehe 6 hapana. Wanasema kutakuwa ville morte, mji utafungwa, hakuna gari itatoka. Jumamosi ingine pia hapana, Baba anangojea wageni wa inspection. Tutaona.

Nisalimie Yaya Kambere, umwambie apige kinga mafuta.

Josée Kapinga, bingwa wa Kasaï


Butembo, Jumapili tarehe 7 Mei 2023

Josée bingwa,

Kumbe kuomba ruhusa ni kazi kuliko safari yenyewe. Mama alikuwa anapanga sabuni dukani. Nilizunguka zunguka mpaka akaniuliza kama ninaumwa tumbo. Sikiliza tulivyosemezana.

"Mama, mimi na Josée tunataka kutoka na kinga mpaka kule mutoni."

"Munapeleka nini?"

"Hapana kitu."

"Munaenda kuleta nini?"

"Hapana kitu, Mama. Kutembea tu."

Alinitazama kana kwamba nimesema tunaenda kula mchanga. "Kinga inatoka Butembo bila muzigo? Séphora! Batu batasema duka ya baba yako imeanguka!"

Yaya Kambere alicheka hadi akakaa chini. Kisha alinipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha kinga. Josée, sikuwahi kuiangalia vizuri. Haina siège ya kukalia. Haina pédale. Haina mnyororo. Kwenye usukani imefungwa fimbo ndefu, ya kuishika mtu anapotembea pembeni. Nikamuuliza kinga hii inapandwaje. Akasema, "Inapandwa na mbao. Batu banasukuma." Nimeishi nayo miaka yote, na mimi nilikuwa nakualika kwa moyo wote!

Lakini yamepatikana. Yaya anatafuta pédales, mnyororo na siège kwa rafiki zake. Mama amekubali tukimpelekea Mama Syauswa chumvi na sabuni, na tusirudi mikono mitupu. Donc tuna ruhusa, na tuna mzigo, na heshima ya duka imepona.

Jumamosi tarehe 20. Sema ndiyo.

Séphora


Beni, Alhamisi tarehe 11 Mei 2023

Séphora,

Ninaumwa kidogo, ni malaria labda. Tarehe 20 siwezi.

Na tena, kusema kweli, kinga ya kusukuma? Na chumvi juu? Tuko wasichana wakubwa sasa. Tuache mambo ya kinga. Tuandikiane tu, inatosha.

Josée


Butembo, Jumapili tarehe 21 Mei 2023

Josée,

Nimeelewa.

Nilitaka kunyamaza, lakini Tantine Adèle amenisimulia jambo. Jumatano gari lao la chou lilisimama ng'ambo ya lango la parcelle yenu. Alikuwa na poireaux za kukupa, vile vitunguu vya majani marefu, zawadi yangu, nilizichuma mwenyewe. Akakuita uvuke barabara uje kuchukua. Anasema ulisimama langoni, mzima kabisa, ukamtazama, kisha ukageuka ukaingia ndani. Mama yako ndiye aliyetoka mbio kuchukua.

Tantine hakukasirika. Alisema, "Labda mutoto ya inspecteur anaogopa bajirani bamuone na muuza chou." Alicheka. Mimi sikucheka.

Kama una marafiki wengine huko na unaona haya juu yetu, ingekuwa afadhali useme wazi. Sitakusumbua tena na mto.

Séphora Maliro


Beni, Alhamisi tarehe 25 Mei 2023

Séphora, mutoto wangu,

Usishangae kuona mwandiko huu. Ni mimi Maman Josée, Émérance. Josée hajui kama ninakuandikia. Barua yako nilimkuta nayo amelala juu yake, na nimeisoma. Unisamehe.

Hana haya juu yenu. Hana rafiki hapa hata mmoja, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Unajua kwamba kabla ya Beni tulipelekwa kwanza Oicha. Asubuhi moja tulikimbia vita kutoka kule, kwa miguu, pamoja na watu wengi, kwenye ile barabara kubwa. Mambo tuliyosikia nyuma yetu sitayaandika. Tulifika wote salama, tunamshukuru Mungu. Lakini Josée njia yote alikuwa anageuka kuangalia nyuma, na mimi ninamvuta mkono. Tangu siku ile havuki lango. Shule iko nyuma ya ukuta wetu, kuna mlango mdogo, anapitia pale. Sokoni hapana. Kanisani hapana. Ndani ya gari hapana. Vitu vyote anavyokuandikia anaviona kutoka kwa ngazi.

Sasa kuna hili. Papa Urbain, baba yake, amehamishwa tena, mwezi wa tisa, mahali ambapo hakuna darasa la mwisho. Josée analilia internat, bweni la masista huko Butembo, asome na wewe. Baba yake anasema: nitaachaje internat mutoto asiyeweza kuvuka barabara? Amempa mpaka mwisho wa Juni. Aende Butembo na kurudi, aonyeshe kwamba anaweza. Bila hivyo atapelekwa kwa nyanya yake Kananga, kwa ndege, na mimi ninajua siku ile tutambeba kama mugonjwa.

Kila barua yako inakuja, anapanga nguo kwenye sac. Ikifika siku anazipangua.

Sijui ninakuomba nini. Nimeona tu usimuhukumu.

Maman Josée


Butembo, Jumapili tarehe 28 Mei 2023

Josée wangu,

Mimi sijui kuficha, donc nasema mara moja: mama yako ameniandikia. Usimkasirikie. Mkasirikie yule aliyeandika barua ya tarehe 21. Hata mimi nimemkasirikia.

Sitasema "usiogope". Mimi ninaogopa kuomba chaki kwa mwalimu, nitamwambiaje mtu asiogope barabara? Nimekwenda kwa Yaya Kambere. Sikumwambia habari zako, nimemuuliza habari za kazi yake. Nimemuuliza wanapandaje mlima na mbao ndefu kuliko nyumba.

Akaniambia wanakuwa wawili. Mmoja anashika fimbo ya usukani mbele. Mwingine anasukuma nyuma, kichwa chini, na mzigo umemfunika, haoni njia hata kidogo. Nikamuuliza, sasa huyo wa nyuma anajuaje? "Hapana kazi yake kujua," akasema. "Wa mbele ndiye anaona kwa ajili ya bote babili. Anatangaza kila kitu: shimo, jiwe, mutelemuko, moto ya motard inakuja. Akinyamaza, wa nyuma anasimama palepale, hata katikati ya barabara. Hakuna wa kumugombeza."

Nimefikiri juu ya hilo siku nzima, mpaka nikachoma maharage.

Josée, wewe utasukuma nyuma. Mimi nitatangaza.

Ijumaa tarehe 9 Juni nakuja Beni pamoja na Tantine Adèle. Sijawahi kusafiri bila Mama. Tutarudi nyuma ya gari, kati ya magunia matupu. Wewe utainamisha kichwa kwenye gunia, na mimi nitakusomea barabara yote mpaka Butembo. Nikinyamaza, una haki ya kupiga kelele gari lisimame. Tantine amekubali, na amesema poireaux zile hukuzichukua mwenyewe, safari hii utazimenya.

Usijibu. Panga tu sac, na usiipangue.

Séphora


Butembo, Jumapili tarehe 11 Juni 2023, asubuhi

Mama Émérance,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Papa Urbain. Barua hii anakuletea Josée mwenyewe. Uliniomba langoni nikuandikie yote jinsi yalivyokuwa, hata mabaya, basi naandika.

Ya gari uliyaona mwanzo wake. Alipanda akifunga macho na kunishika mkono mpaka kucha zikaingia. Nilitangaza kila kitu: daraja, mbuzi, kanisa, mwanamke mwenye mwavuli, kizuizi cha askari, askari anakula muhindi. Sauti ikanikauka. Nikinyamaza kidogo tu kumeza mate, alikuwa ananipiga kwenye goti. Karibu na Butembo, bado amefumba macho, akasema, "Muhindi wa kuchoma ao wa kuchemsha?" Nikajua anasikiliza.

Jumamosi tulitoka baada ya misa ya asubuhi. Yaya Kambere alitangulia na kinga yake ya mbao, sisi tukafuata na ile nyingine aliyotutengenezea. Ilikuwa na pédales sasa, na siège ya rangi nyekundu, lakini pamoja na chumvi na sabuni haikupandika, tulisukuma. Mimi mbele, Josée nyuma. "Shimo kushoto! Jiwe! Mutelemuko, vuta!" Nilikuwa natangaza kwa sauti ya kusoma sala. Kwenye mlima wa kutoka mjini motards wamekaa wakingoja wateja, na mmoja akaita, "Ba-mademoiselles, hiyo kinga mumeolewa nayo?" Mimi nilitaka ardhi inimeze. Kutoka nyuma ya magunia, bila kuinua kichwa, Josée akajibu, "Ndiyo, na haijatuomba mafuta ya essence hata siku moja!" Walicheka wote, na mmoja akatusukumia mpaka juu.

Sasa baya. Kwenye mteremko wa upande wa pili, lori lilipasuka pneu, yaani tairi, karibu yetu. Mlio ule hata mimi ulinishtua. Niligeuka nikaona Josée ameketi chini barabarani, amejikunja, na kinga nzima imenielemea mimi. Moto za motards zilikuwa zinashuka kwa kasi. Yaya alikuwa mbali. Mama, mimi darasani nikijibu, mwalimu anakuja kusimama karibu ili asikie. Lakini pale nilipiga kelele: "Simameni! Kuna mutu chini! Simameni!" Walisimama wote, hata ng'ombe mmoja. Kisha nikaanza kutangaza, kwa sauti ileile, sikujua kuipunguza: "Josée, ni pneu! Ya lori ya bluu! Dereva ametoka, anavaa pantoufles za nyumbani! Anapiga lori teke! Anashika mguu wake sasa, ameumia!" Josée akainua kichwa kumtazama yule dereva akirukaruka. Hakucheka. Lakini alitazama, Mama. Alitazama barabara yote, mbele na nyuma, kisha akasimama, akapangusa sketi, akarudi kushika mzigo.

Nilimuuliza kama turudi nyumbani. Akasema, "Tangaza."

Eucalyptus zilipokwisha, tuliusikia mto kabla ya kuuona. Sikuwa nimemdanganya. Ule Kimemi wetu, wa maganda na mifuko, pale unapita juu ya mawe, na vijito vinaingia kutoka kila upande, vyeupe, vya baridi. Kuna mashamba ya mateke, yaani magimbi, yenye majani makubwa kama masikio ya tembo, kuna miwa, na ndege wa bluu ambaye sijui jina lake, anakaa juu ya jiwe na kuingia majini kama sindano. Njia ni ya udongo mwekundu, imeshindiliwa na miguu ya watu, na kweli ni tambarare. Tulimkabidhi Mama Syauswa chumvi na sabuni. Alitulisha mateke na samaki wadogo, akamtazama Josée na kusema, "Huyu wa Kasaï amekonda, Beni hamuna chakula?"

Kisha kinga ikawa tupu, na ikawa yetu. Josée akapanda kwanza. Alitikisika kidogo, akasimama sawa, akaenda. Nilikimbia pembeni nikitangaza, "Jiwe, mzizi, bibi mwenye beseni," na yeye anaongeza mwendo, na mimi pumzi inaniisha, mpaka nikanyamaza. Mama, nilinyamaza, na yeye hakusimama. Aliingia kwenye kona ya miwa akapotea.

Niliogopa vibaya sana. Nilimuwaza amekaa chini tena, peke yake, mahali asipopajua. Nilikimbia mpaka nikapoteza ndala moja. Baada ya kona nikamkuta. Kinga imeegemezwa kwenye mti, yeye amesimama majini mpaka magotini pamoja na wanawake wanaoosha mateke, anasugua moja kwa nguvu, na mmoja anamgombeza, "Hapana hivyo, mutoto, unaondoa nyama yote!" Nikamwambia, "Mbona ulinikimbia?" Akasema, "Nilikuwa nasikia mto. Sikujua umenyamaza."

Alipanda tena na tena, akanibeba nyuma pia. Akaachilia mikono yote miwili kama alivyojisifu, nasi tukaingia kwenye miwa. Mikwaruzo utakayoona kwenye kiwiko ni ya pale, siyo ya lori. Tulirudi na ndizi za Mama Syauswa juu ya kinga, kama Mama alivyotuagiza. Mlima wa mwisho Josée alisema anataka kushika fimbo ya mbele. Mimi nilisukuma nyuma, sikuona kitu, na yeye alitangaza. Anatangaza vibaya, anachelewa, nimejigonga kidole. Lakini tulifika.

Leo anarudi na Tantine Adèle, bila mimi. Ameomba hivyo mwenyewe. Sijui njiani itakuwaje, na nitakaa dukani nikijifanya nasoma mpaka Tantine apige simu. Nimeona niandike kabla sijajua.

Binti yako wa Butembo,
Séphora


Beni, Jumamosi tarehe 24 Juni 2023

Séphora,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nimekuwa na kazi. Mimi! Kazi!

Tantine amekuambia nilivyorudi, mais alikuambia nusu. Anafikiri nililala. Mpaka katikati ya njia nilikuwa na kichwa ndani ya gunia, na hakuna mtu wa kutangaza, kwa sababu Tantine alitangaza kitu kimoja tu: bei ya cacao. Nikaanza kutangaza mwenyewe, kwa moyo. Lakini ukifumba macho hauna cha kutangaza. Donc nikafumbua moja. Kisha lingine. Pale kizuizini nilitapika, kusema kweli, na askari mmoja akanipa maji yake, anatoka Tshikapa kwetu Kasaï, tukasema Tshiluba mpaka gari ikaita. Umuweke huyo kwenye barua zako.

Baba alikuwa langoni tangu asubuhi, Maman anasema. Unajua Baba, anatembea na kravati hata Jumapili. Alichukua sac yangu, akatazama kiwiko, akasema, "Ulianguka?" Nikasema, "Ndiyo, Baba. Kwa kinga." Akasema, "Vizuri," akaingia ndani haraka, na Maman akanizuia nisimfuate.

Usifikiri nimepona. Jumanne mtu aliangusha bati na nikaingia chini ya meza. Siku zingine ninafika kwa lango na kurudi. Siku zingine ninafika kwa pharmacie. Baba anasema masista wataambiwa habari yangu, na mwezi wa tisa nitakuwa na wewe pale internat wiki ya kwanza yote, hata kulala, ruhusa imepatikana. Ameandika maombi kwa mkono wake, ameyafuta na kuyaandika upya kama mwanafunzi.

Umwambie Jokébed atafute banc yake.

Ninaandika hii nikiwa sokoni. Soma tena: sokoni. Nimesimama kwa Papa Vagheni, mushonaji, karatasi iko juu ya machine yake, na Maman ameenda kununua mafuta, hata simuoni tena kati ya watu. Sketi ya bleu, chemise nyeupe, ni zile internat wanataka. Bado ninaogopa, usidanganyike. Kuna kelele mingi hapa, kila mtu anaita. Papa Vagheni anauliza ninaandikia nani, fiancé? Nimesema ni mtu mwenye haya kuliko wote Butembo, ambaye siku moja alisimamisha barabara nzima. Anasema sawa, mais hawezi kupima mabega ya mtu anayeandika, niweke bic chini ninyooshe mikono.

Ninanyoosha.

Josée